Kabla hujabandika IQ yako hapa, tujue hiyo namba inatoka wapi (uzi mrefu)

#1 mpima_kimya (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Jukwaani humu kuna mchezo unajirudia. Mtu anabandika picha ya skrini: "IQ yangu 141, nani ananifikia?" Dakika kumi baadaye wamefika wenye 145, na mmoja ana 152. Kisha anatokea wa kuwazima wote: IQ ni utapeli wa wazungu, haipimi kitu, nilimaliza wa mwisho darasani na leo nawaajiri waliokuwa wa kwanza.

Mimi kazi yangu ni kukaa mezani na mtu, mkononi saa ya kuhesabia sekunde, mbele yangu fomu, nampima. Kambi zote mbili sioni pa kukaa. Msimamo wangu nautoa mapema ili mnishambulie vizuri: namba ya IQ, yaani alama ya kipimo cha akili, inaeleza jinsi ulivyofanya kazi fulani, siku fulani, ukilinganishwa na kundi fulani la watu. Ukiishika hivyo ina faida kubwa. Ukiichukulia kama kundi la damu, kitu unachozaliwa nacho na kuzikwa nacho, utawaumiza watu, na wengi wameshaumizwa.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1884 Francis Galton alifungua maabara kwenye maonyesho ya afya jijini London. Ulilipa peni tatu ukapimwa nguvu ya mkono, uwezo wa kuona na kusikia, kasi ya kuitikia. Aliamini mwenye milango ya fahamu mikali ana akili kali. Wazo hilo likavuka bahari hadi Marekani, na mwaka 1901 Clark Wissler akachukua vipimo vya namna hiyo vya wanafunzi wa Columbia, akavilinganisha na alama zao za masomo. Havikuhusiana kwa lolote la maana. Safari ya Galton ikaishia hapo kwa miaka mingi.

Alfred Binet alikwenda njia nyingine. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume kushughulikia watoto walioshindwa kwenda na wenzao shuleni, maana elimu ilishakuwa ya lazima na watoto wa kila aina walikuwa wamejaa madarasani. Yeye na Théodore Simon wakatoa kipimo mwaka 1905: kazi 30, kuanzia rahisi kabisa. Ya kwanza ilikuwa mtoto kufuata kwa macho kijiti cha kiberiti kinachowaka. Mbele zaidi aliulizwa inzi na kipepeo wanatofautiana nini. Hakuna cha nguvu ya mkono. Binet alitaka kuona mtoto anaelewa, anafikiri na anahukumu mambo vipi.

Watu hawajui kwamba Binet mwenyewe alikataa tafsiri tuliyoirithi. Mwaka 1909 aliwasema waziwazi wale waliodai akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka, akatunga hata mazoezi ya kuwanoa watoto waliobaki nyuma. Kipimo kwake kilikuwa cha kujua nani asaidiwe. Alifariki 1911.

Baada ya hapo gari likachukuliwa na madereva wengine. William Stern, Mjerumani, mwaka 1912 akapendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa. Lewis Terman wa Stanford mwaka 1916 akazidisha kwa 100, na hapo ndipo IQ ilipoingia midomoni mwa watu. Mtoto wa miaka 8 anayefanya kazi za wa miaka 10 anapata 125. Safi kwa mtoto. Kwa mtu mzima ni kichekesho: mwenye miaka 40 anayefanya kama wa miaka 20 angepata 50, kana kwamba kati ya miaka hiyo kuna ngazi ya akili ya kupanda kila mwaka.

David Wechsler akautupa mgawanyo huo mwaka 1939. Kwake unalinganishwa na watu wa rika lako. Wastani unawekwa 100, mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, 15. Kwa hiyo watu 68 hivi kati ya 100 wanaangukia kati ya 85 na 115, na wanaopita 130 ni kama wawili katika mia. Hesabu hii ndiyo inayotumika hadi leo.

Sasa rudini kwa wale jamaa wa skrini. Mwenye 141 anatuambia yumo kwenye watatu hivi wa kila elfu. Mwenye 152 yuko chini ya mmoja kati ya elfu tatu. Na wote wamekutana kwenye uzi mmoja, usiku mmoja, wakibishana na mtu anayeuza laini za simu. Inawezekana. Lakini jiulize: ile tovuti ililinganisha majibu yako na ya nani? Kipimo kinachoeleweka hujaribiwa kwanza kwa mamia au maelfu ya watu waliochaguliwa ili wafanane na jamii husika kwa umri, jinsia, elimu na mahali wanapoishi. Tovuti inayokulipisha ili uone cheti ina sababu moja tu ya kukupa namba, na namba ndogo haiuzi cheti.

Povu ruksa. Nipo.

#2 Kivuli_cha_Mwembe

Nimeweka kambi. Tiririka mkuu.

#3 kichwa_ngumu

Mkuu umeeleza historia vizuri lakini umekwepa swali lenyewe. Akili ni MOJA au ni NYINGI? Maana yule mwanasaikolojia Howard Gardner alishathibitisha kwamba kuna akili saba, na mimi ya muziki ninayo. Hivyo vipimo vyenu havina gitaa.

#4 mpima_kimya

Gitaa kweli hatuna.

Swali lako lina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1904 Charles Spearman aliona jambo ambalo limerudiwa kuonekana mara nyingi kuliko karibu jambo lolote katika saikolojia. Wape watu wengi kazi tofauti za kichwa: msamiati, hesabu, mafumbo ya maumbo, kukumbuka orodha. Anayefanya vizuri hii huelekea kufanya vizuri na zile nyingine. Si kila mtu, na si kwa kiasi kilekile, lakini kwa kundi zima mwelekeo huo upo. Spearman akasema nyuma yake kuna uwezo mmoja wa jumla, akauita g.

L. L. Thurstone akaja 1938, akachambua takwimu kwa namna nyingine, akasema yeye anaona uwezo saba wa msingi: kuelewa maneno, ufasaha wa kutoa maneno, namba, nafasi na maumbo, kumbukumbu, kasi ya kutambua, na kufikiri kimantiki. Ugomvi ukawa mkubwa. Shida ni kwamba hata hizo saba zake zilikuwa zinahusianahusiana, g ikarudi kwa mlango wa nyuma.

Raymond Cattell, na baadaye mwanafunzi wake John Horn, wakagawa vingine: akili ya kutatua jambo jipya ambalo hujawahi kuliona, na akili iliyoganda, yaani maarifa na msamiati uliokusanya maishani. Ya kwanza huanza kushuka mapema utu uzimani, ya pili huweza kuendelea kupanda hadi uzeeni. Ndiyo maana mzee anakushinda kwa maneno huku simu mpya inamshinda. Mwaka 1993 John Carroll alichambua upya zaidi ya seti 460 za takwimu akapanga ghorofa tatu: chini uwezo mwembamba mwingi, katikati uwezo mpana wa aina chache, juu g. Vipimo vikubwa vya leo vimejengwa juu ya mchanganyiko wa kazi za hao watatu.

Gardner. Kitabu chake kilitoka 1983 na aina saba, baadaye akaongeza ya kutambua viumbe na mazingira. Walimu walimpenda, na naelewa sababu: alimpa heshima mtoto ambaye mtihani ulikuwa umemkataa. Ila neno "alithibitisha" liondoe. Hakutengeneza kipimo, na waliojaribu kuzipima aina zake wamekuta nyingi zinahusiana, kama Spearman alivyosema. Zile zisizohusiana sana, mwili na muziki, wengine tunaziita kipaji na hatuoni hasara. Wewe piga gitaa lako mkuu, halihitaji kibali cha saikolojia.

Na kabla wafuasi wa g hawajasherehekea: kuona kwamba alama zinahusiana hakukuambii kwa nini zinahusiana. Godfrey Thomson alionyesha mwaka 1916 kwamba unaweza kupata mpangilio uleule bila kitu kimoja nyuma yake, ikiwa kila kazi inachota sehemu ya vijiuwezo vingi vidogo vinavyopishana. Han van der Maas na wenzake mwaka 2006 wakaja na maelezo mengine: uwezo mbalimbali hulea wenzake kadiri mtoto anavyokua, msamiati ukisaidia kufikiri, kufikiri kukisaidia kusoma. Hesabu zinatoka sawa na za Spearman. Mimi hili ndilo linalonivutia zaidi, ingawa halijashinda.

#5 chaki_nyeupe

Mimi ni mwalimu, shikamooni wakubwa. Nina mtoto darasani, ukimpa karatasi ya maumbo anaiangalia tu. Jioni hiyohiyo anatengeneza gari la waya lenye usukani unaokata kona. Nimpeleke kwa mtu wa mpima_kimya aambiwe hana uwezo wa maumbo?

#6 mpima_kimya

Marahaba mwalimu. Umeligusa penyewe. Robert Serpell alifanya jaribio hilohilo karibu kabisa, akalichapisha 1979. Alichukua watoto wa Zambia na watoto wa Uingereza akawapa kazi ya kunakili maumbo kwa njia tofauti. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliongoza. Kwa waya, Wazambia waliongoza. Kwa udongo wa mfinyanzi, ambao pande zote walikuwa wameuzoea, hapakuwa na tofauti. Angetumia karatasi peke yake angerudi nyumbani na hitimisho kuhusu akili za Wazambia. Angetumia waya peke yake, hitimisho lingehusu Waingereza.

Alexander Luria alikwenda Uzbekistan miaka ya 1931 na 1932. Aliwauliza wakulima ambao hawakusoma: kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Walimjibu kwamba wao wamewahi kuona dubu mweusi, wa huko hawajafika kuwaona, amuulize aliyefika. Kwenye fomu hilo ni kosa. Lakini sikiliza jibu lenyewe: mtu anakataa kutoa ushahidi wa asichokijua. Mahakamani tungemsifu. Kilichokosekana ni mazoea ya mchezo wa shule, wa kukubali sentensi ya mwalimu kuwa kweli na kutembea nayo hadi mwisho. Waliopitia masomo hata kidogo waliujua mchezo.

Liberia ni tamu zaidi. Joseph Glick, aliyekuwa na Michael Cole huko kwa Wakpelle, anasimulia kwamba watu wazima walipoambiwa wapange vitu kwa makundi, walipanga kwa matumizi: kisu pamoja na chungwa, maana kisu ndicho kinachokata chungwa. Watafiti walitaka vyakula upande huu na zana upande ule. Wakabembeleza, hawakupata. Mwishoni wakauliza: mtu mpumbavu angepangaje? Papo hapo vyakula vikakaa na vyakula, zana na zana.

Na ipo ya Kenya, ya mwaka 2001. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa Kijaluo ujuzi wa dawa za miti shamba: ipi ya ugonjwa upi, kipimo gani. Ujuzi huo ulikwenda kinyume na alama za vipimo vya kishule, hasa msamiati. Maelezo yao ni kwamba familia nyingi ziliwekeza muda wa mtoto ama kwenye shule ama kwenye maarifa ya nyumbani. Sternberg tangu 1985 amekuwa akisema akili ina pande tatu, ya uchambuzi, ya ubunifu na ya vitendo, na kwamba vipimo vyetu vinaipenda ya kwanza. Wapinzani wake wana hoja nzito kuhusu takwimu zake, lakini mfano huu wa dawa si wa kupuuzwa.

Kwa mtoto wako mwalimu: mpimaji akiifahamu kazi, hataandika "hana uwezo wa maumbo". Ataandika kwamba kazi za maumbo za karatasini zilikuwa ngumu, na kwamba mwalimu anaripoti ufundi wa waya wa kiwango fulani. Basi muandikie. Piga picha lile gari uambatanishe. Taarifa yako ni sehemu ya tathmini.

#7 takwimu_tupu

Umewahi kusema lolote kuhusu Flynn? Maana hapo ndipo nyumba yenu inapobomokea.

#8 mpima_kimya

Inatikisika, haibomoki. James Flynn alionyesha mwaka 1984 kwa Marekani, na 1987 kwa nchi 14, kwamba alama ghafi zimekuwa zikipanda kizazi hadi kizazi, kama pointi 3 kwa kila miaka kumi. Ukiwapima babu zetu kwa viwango vya leo wangeonekana wagonjwa, jambo ambalo ni upuuzi. Waliendesha mashamba, biashara na vita. Flynn mwenyewe alielekea kwenye elimu na mazoea ya kufikiri kwa makundi na dhana, yaleyale ya Luria. Wengine wanataja lishe na familia ndogo. Katika baadhi ya nchi, Norway kwa mfano, kupanda kumekoma na kumegeuka.

Kikazi maana yake ni hii: viwango, yaani alama za kundi unalolinganishwa nalo, vinazeeka. Ukipimwa leo kwa toleo lililowekewa viwango miaka 20 iliyopita, unaweza kupewa pointi kama 6 za bure. Muulize mpimaji wako toleo gani na la mwaka gani. Akikasirika, tafuta mwingine.

#9 kichwa_ngumu

Sawa, tuache kuzunguka. Kuna zile orodha za IQ za nchi zinazosambaa. Nchi zetu tumepewa 60 na kitu, 70 na kitu. Na wanasema akili ni ya kurithi. Unasemaje?

#10 mpima_kimya

Orodha hizo chanzo chake kikubwa ni Richard Lynn. Uliza kila namba imetoka kwa nani. Ile ya Equatorial Guinea, 59, ilitokana na watoto wenye matatizo ya ukuaji waliokuwa Hispania. Jelte Wicherts na wenzake walipopitia upya tafiti za Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2010 walikuta alama za juu zaidi ya za Lynn, na wakaonya kwamba hata hizo hazijulikani zinapima nini hasa kwa watu ambao kipimo hakikutengenezwa kwa ajili yao. Baada ya Serpell na waya wake sidhani nahitaji kuongeza.

Kurithi: ndiyo, ndani ya kundi moja, tofauti za alama zina mchango mkubwa wa vinasaba, tafiti za mapacha zinaonyesha hivyo. Richard Lewontin mwaka 1970 alitoa mfano wa mbegu. Gunia moja la mbegu, nusu umwage kwenye udongo wenye rutuba, nusu kwenye udongo mbovu. Ndani ya kila shamba, tofauti ya urefu wa mimea ni ya mbegu. Kati ya shamba na shamba, tofauti yote ni ya udongo. Anayechukua namba ya ndani ya shamba kueleza tofauti ya mashamba mawili hajui hesabu, au anajua na anakudanganya.

Madhara yake si ya nadharia. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Carrie Buck, iliruhusu watu waliopachikwa jina la "punguani" wafungwe uzazi kwa nguvu. Carrie Buck alikuwa na uwezo wa kawaida tu. Mtoto wake, aliyehesabiwa kizazi cha tatu cha mapunguani, alipata hadi nafasi ya heshima kwa masomo shuleni kabla hajafa akiwa mdogo.

#11 mama_pacha

Samahani naingilia, nyie mnajadili makubwa. Mimi nina ripoti hapa mezani. Mwanangu ana miaka tisa, shule ilimpeleka akapimwa, imeandikwa IQ 84, "chini ya wastani". Mkuu wa shule anasema ahamie darasa maalumu. Toka juzi silali. Naomba mtu aniambie 84 ni nini.

#12 mpima_kimya

Pole dada. Kwako nitaandika polepole, wengine mtanisubiri.

Kwanza, 84 si 84. Kila kipimo kina kosa lake. Kipimo kizuri kikiwa na uthabiti (kiasi alama zinavyojirudia ukipima tena, 1 ikiwa kamili) wa 0.95, kosa sanifu, yaani kiasi cha kawaida ambacho alama huyumba, ni kama pointi 3.4. Kwa hiyo kitu cha kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba alama yake iko takriban kati ya 77 na 91. Ripoti nzuri huandika masafa hayo pembeni ya namba. Angalia kama yapo. Jambo hili lilifika hadi kwenye maisha ya mtu: jimbo la Florida lilikuwa na sheria kwamba aliyehukumiwa kifo mwenye alama juu ya 70 hawezi kudai ulemavu wa akili. Freddie Lee Hall alikuwa na 71. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, ikasema huwezi kuchora mstari mkavu juu ya namba yenye kosa la kipimo. Kama mstari mkavu haukubaliki pale, hata kwenye darasa la mwanao usikubalike.

Pili, 84 iko pointi moja chini ya lile kundi la 68 katika mia. Haiko kabisa kwenye eneo la ulemavu wa akili, ambalo huanza kuzungumzwa kwenye 70 hivi kushuka, na hata hapo namba peke yake haitoshi. Lazima kuwe na ugumu kwenye maisha ya kila siku, kujihudumia, kuwasiliana, kuelewana na wenzake. Kuna mtu alikuuliza anavaaje, anatumwaje, anachezaje?

Tatu, na hapa ndipo ningeanzia mimi: achana na namba ya jumla, fungua kurasa za ndani. Kuna alama za maneno, za maumbo, za kumbukumbu ya muda mfupi, za kasi. Zimekaa pamoja au zimetawanyika? Mtoto mwenye 100 kwenye maneno na 68 kwenye kasi anaweza kupewa jumla hiyohiyo ya 84 na mtoto mwenye 84 kila mahali. Hao ni watoto wawili tofauti kabisa na msaada wao ni tofauti.

Nikupe picha ya ndani. Kuna kazi ya kurudia tarakimu. Namsomea mtoto moja kwa kila sekunde, sauti ileile, bila kuzifunga mbilimbili, maana nikizifunga nimemsaidia. Akishindwa mara mbili kwa urefu uleule nasimama. Watoto wawili wanaweza kuishia kwenye tarakimu nne. Mmoja alifumba macho, midomo inacheza, akazitaja zote ila akageuza mbili za katikati. Mwingine alikuwa anatazama mlango, akasema namba ambazo sikuzitaja. Alama yao ni moja. Ninachoandika pembeni hakifanani hata kidogo. Jean Piaget, mtafiti maarufu wa fikra za watoto, alipokuwa kijana alifanya kazi Paris na Simon, akisanifisha vipimo, akaona makosa ya watoto yana mantiki yake yenyewe. Kazi yake yote iliyofuata ilianzia hapo. Kwa hiyo tafuta kwenye ripoti maelezo ya jinsi mwanao alivyofanya kazi. Ikiwa ni namba tupu bila sentensi moja juu ya mtoto, umelipia nusu ya kazi.

Mwisho: alipimwa kwa lugha gani, na nyumbani mnaongea ipi? Masikio na macho yalikaguliwa kabla? Alikuwa mzima siku hiyo?

#13 mkaguzi_wa_ajira

Wakati dada anatafuta kurasa, nichomekee la kazini. Tunatumia vipimo vya akili kuajiri, na vile vya haiba vya kukupa aina yako kwa herufi nne. Wafanyakazi wanavipenda hivyo vya herufi hatari.

#14 mpima_kimya

Vya akili: Schmidt na Hunter mwaka 1998 walisema uwiano wake na utendaji kazini (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili) ni 0.51, namba iliyonukuliwa kila kona. Paul Sackett na wenzake mwaka 2022 wakakagua marekebisho ya kihesabu yaliyotumika, wakashusha hadi 0.31, na usaili uliopangwa, ambapo kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilevile, ukaongoza kwa 0.42. Ukiwa na hela ya jambo moja, panga usaili.

Vya herufi nne: mtu akirudia baada ya wiki chache ana uwezekano mkubwa wa kutoka na aina nyingine, kwa sababu wengi wako katikati na mstari umechorwa hapohapo katikati. Kupendwa si ushahidi. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya haiba "binafsi", wakayapa usahihi wa wastani 4.26 kwa 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja, na sentensi zake zilitoka kwenye kitabu cha nyota.

#15 takwimu_tupu

Hiyo ya nyota nimecheka kwa sauti. Haya, 0.95 yako nakubali kwa alama ya jumla. Vipimo vidogo vya ndani je? Vingine uthabiti wake ni 0.80. Kosa sanifu linakuwa karibu pointi 7 kwa kipimo chenye mkengeuko sanifu wa 15. Unamwambia mama asome kurasa za ndani, na ndani ndiko kwenye kelele, yaani kuyumba kwa bahati tu, zaidi.

#16 mpima_kimya

Hoja halali kabisa, na ndiyo sababu tofauti ndogo za ndani haziguswi. Pointi tano huku na nane kule ni kelele. Tofauti ya pointi 25 au 30 kati ya maeneo mapana, inayolingana na anachosema mwalimu na anachoona mzazi, hiyo naikubali. Ushahidi wa pande mbili tatu, kamwe si karatasi moja.

#17 mama_pacha

Nimefungua. Maneno 97, maumbo 92, kumbukumbu 76, kasi 70. Masafa hayajaandikwa. Kwenye maelezo kuna mistari miwili, "alishirikiana vizuri". Masikio hayakupimwa na mwaka jana aliugua sana sikio. Na amepimwa kwa lugha ya shule, nyumbani ni nyingine. Naweza kuomba apimwe tena wiki ijayo?

#18 chaki_nyeupe

Dada, mtoto mwenye 97 ya maneno kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao! Huyo mimi namtaka darasani kwangu.

#19 mpima_kimya

Mwalimu kanitangulia.

Wiki ijayo hapana, angalau kwa kipimo hichohicho. Akirudia haraka atakuwa anazikumbuka kazi, alama itapanda kwa mazoea na hakuna atakayejua imepanda kwa nini. Kawaida tunaacha kama mwaka, au tunatumia kipimo kingine. Kabla ya hapo mpeleke akapimwe masikio, halafu macho. Tarakimu zilisomwa kwa mdomo, na asiyesikia vizuri hawezi kurudia.

Shuleni andika barua, usiende kwa mdomo. Omba vitu vitatu: masafa ya kosa kwa kila alama, maelezo ya mpimaji kuhusu tofauti ya zile mbili za juu na mbili za chini, na mwaka wa viwango vya kipimo. Mpimaji ana wajibu wa kukufafanulia ripoti yake. Omba pia uamuzi wa kumhamisha usubiri majibu ya masikio, na wakati huohuo apewe muda wa ziada kwenye kazi za kuandika na maelekezo mafupi, moja moja, akiwa ameketi mbele. Hayo hayahitaji ripoti yoyote, na mwalimu wake anaweza kuanza kesho.

Ukipata majibu ya masikio yalete hapa tuendelee.